Swali la Mlezi

Swali lile nililiandika mimi. Nalisema mapema ili nisije nikajificha nyuma ya kamati, maana kamati ilikuwepo, watu tisa na chupa mbili za chai, na ingekuwa rahisi kuitupia lawama.

Nilikuwa nimechukuliwa kwa mkataba kusaidia kupanga mfumo wa taifa wa taarifa za watu wazima wanaohitaji kutunzwa: wazee, wagonjwa wa muda mrefu, wenye ulemavu. Lengo lilikuwa jema, na mpaka leo nasema lilikuwa jema. Hakuna ofisi iliyojua ni wazee wangapi hawawezi kujinyanyua kitandani, wala wako nyumba zipi. Sisi tungejua. Kila mmoja angeingizwa kwenye kanzidata moja, kompyuta ingetoa orodha ya wasio na mtu, na wahudumu wa majumbani wangetumwa kwao kwanza.

Kazi yangu ilikuwa dodoso. Nilipewa kwa sababu niliwahi kuwa mwandishi wa habari, na kwa sababu mimi ni mtoto wa Kariakoo, najua kuongea na watu. Ndivyo alivyosema mkuu wetu. Orodha nzima ilisimama juu ya swali moja: "Je, una mtu wa familia anayekutunza?" Ndiyo au hapana.

Nilipinga mara moja tu. Nilisema kwetu mtu mzima hajibu hapana kwa swali hilo. Ukimuuliza habari za watoto atakwambia hawajambo, hata kama hajawaona miaka kumi. Kusema "sina mtu" mbele za watu ni kuwakana watoto wako, na kuwakana ni hatua moja tu kabla ya kuwalaani. Nikashauri tumuulize jirani: jana nani alimpikia, nani alimwogesha.

"Jirani si chanzo rasmi," alisema mkuu. Hakuwa mtu mbaya. "Jirani kesho anahama, mtoto ni mtoto. Halafu kompyuta, ndugu yangu, haijui aibu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi sita na nilitaka kubaki. Nikaliandika swali walivyotaka, tena kwa Kiswahili kizuri, na kwenye mafunzo ya wadadisi, vijana wa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso, nikaongeza kanuni yangu mwenyewe: andika anachojibu mhusika, usiongeze, usipunguze, hata kama macho yako yanaona vingine. Niliipenda kanuni hiyo. Nilikuwa nimeibeba kutoka chumba cha habari.

Majaribio yalianzia Kariakoo, na siku ya pili tulifika kwenye nyumba niliyokulia. Ni moja ya nyumba chache za Kiswahili zilizobaki mtaani kwetu, vyumba sita na ukumbi katikati, imebanwa na maghorofa pande mbili hata jua lilifika uani saa sita mchana tu. Chumba cha kwanza kushoto aliishi bibi ambaye si bibi yangu wa damu, lakini mama alipokuwa akienda kazini, yeye ndiye aliyenilisha uji. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa.

"Shikamoo, bibi," alisema mdadisi wetu, binti aliyekuwa ametoka chuo mwaka ule, kishikwambi mapajani.

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo kwenu?"

"Hawajambo. Bibi, una watoto?"

"Ninaye mmoja. Yuko Sauzi, anafanya kazi."

Mwana huyo aliondoka mimi nikiwa darasa la sita. Simu yake ya mwisho hakuna mtu nyumba ile aliyekumbuka ilipigwa lini.

"Anakutunza?"

Wapangaji walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja na sufuria mkononi. Bibi aliwatazama wao, akanitazama mimi, akajivutia kanga begani kwa mkono uliobaki mzima.

"Ananitunza, alhamdulillahi."

Kabla ya kubonyeza, binti aliniangalia. Alikuwa ameshaiona ndoo chini ya kitanda, sahani iliyofunikwa, shuka zilizofuliwa na kukunjwa na mtu ambaye hayuko Sauzi. Alingoja nimpe ruhusa. Nikainamia daftari langu. Akabonyeza Ndiyo.

Tulipotoka, mpangaji wa chumba cha tatu alinifuata mpaka barazani. Ni mwanamke kutoka Kilimanjaro, Mkristo, anauza mitumba ya watoto pembeni ya soko. Huyo ndiye aliyekuwa akimpikia bibi, kumgeuza na kumwogesha kila alfajiri kabla ya kwenda kutandika turubai lake. Hakuna aliyemtuma. Alianza wiki ile bibi alipoanguka, na hakuacha.

"Kaka, huyo wa Sauzi anamwogesha kwa bando?"

"Ndivyo alivyojibu mwenyewe."

"Na wewe si wa humu humu? Ulimi umeuacha ofisini?"

"Utaratibu hauniruhusu."

"Haya. Mwambie huyo utaratibu kesho alfajiri nina robota la kufungua. Aje anishikie zamu."

Wale wa mlangoni walicheka. Nilijifanya kuangalia saa.

Orodha ya kwanza ilitoka baada ya wiki chache. Niliisoma jina kwa jina, maana mitaa niliijua na wengi wao niliwajua. Bibi hakuwemo, hilo nililitegemea. Nilichokuwa sijakitegemea ni waliokuwemo. Alikuwemo mzee mwenye maduka mawili ya jumla, aliyekosana na wanawe juu ya mke mdogo. Alipoulizwa swali letu alijibu "Sina mtu" kwa sauti ya kufika ghorofa ya tatu, ili wanawe wamsikie. Mhudumu alipotumwa kwake alimkuta akipanda ngazi kwa miguu yake. Alikuwemo mama mmoja aliyewasusa binti zake tangu sikukuu. Kwetu mtu husema hana mtu pale anapotaka kuwaadhibu alionao. Tulikuwa tumetengeneza, kwa akili nyingi na mikutano mingi, orodha ya waliogombana na watoto wao.

Nilimwonyesha mkuu. Akasema majaribio ndiyo maana yake, na kwamba kasoro hiyo itaingia kwenye ripoti. Iliingia. Ilikaa kwenye kiambatisho cha mwisho.

Halafu nyumba ikauzwa. Mnunuzi alitaka kupandisha ghorofa la maduka, na wapangaji wakapewa miezi mitatu. Mama wa mitumba alipata chumba kimoja Buguruni, yeye na binti zake wawili. Wengine wakatawanyika. Kila aliyefungasha alipita kwanza kwa bibi kumuaga, akatoka akifuta uso, na kila mmoja aliniuliza swali lile lile, kwamba bibi anabaki na nani. Nilijibu nalishughulikia.

Nililishughulikia kwa njia pekee iliyokuwepo. Taarifa za mtu zingeweza kubadilishwa kwa tamko lake mwenyewe, mbele ya afisa ustawi wa jamii, kwa dole gumba. Akishatamka, mhudumu angeanza kuja. Nilimpigia afisa simu mpaka akakubali. Tamko nikaliandika mimi, nikalichapa, nikaenda naye. Tulimkuta bibi ameegemezwa mito miwili, amevaa kanga mpya. Mama wa mitumba, aliyekuwa bado hajahama, alikuwa amemwambia wageni wanakuja.

Nikamsomea. Kwamba mwanangu hanitunzi, na sina mtu wa familia wa kunihudumia.

"Rudia hapo pa mwanangu," alisema bibi.

Nikarudia.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Serikalini, bibi. Ni karatasi tu. Ukiweka dole, ataletwa mtu wa kukuogesha na kukulisha."

"Huyo mtu si mumlete tu? Nilivyo mnaniona. Mpaka nimtukane mwanangu kwanza?"

Afisa alijaribu kwa upole. Alisema mfumo hauwezi kumtuma mtu kwa mzee ambaye kwenye kumbukumbu ana mlezi. Alisema hakuna atakayeisoma karatasi ile zaidi ya watu wa ofisini.

"Mwanangu akirudi," bibi alimwambia, "akafika hapo ofisini kwako kuniulizia, utamtolea hiyo. Mama yako alikukana, dole lake hili. Mimi nitakuwa nimeshazikwa. Nani atamweleza ilikuwa karatasi tu?"

Bibi akanigeukia mimi.

"Mama yako angekuwa hai, ungemletea hiyo?"

Nilikuwa tayari nimeshika kidau cha wino wa kuwekea dole. Bibi aliurudisha mkono wake mzima ndani ya kanga na kuubana pale. Afisa akasema ana sehemu nyingine ya kwenda.

Jumamosi iliyofuata mama wa mitumba alikodi bajaji na kumchukua kwenda kwake Buguruni. Hakuniuliza. Afisa, kwa nia njema ya kufunga jalada lake, alijaza kwamba mhusika amehamia kwa familia. Hapakuwa na kisanduku kingine kinachofanana na ukweli. Kwenye mkutano wa kufunga majaribio nililiona jalada lile likiwa limehesabiwa upande wa mafanikio, upande wa kijani, na mkuu akaupitia upande huo wote kwa fimbo yake ya mwanga. Niliomba kiongezwe kisanduku cha mlezi asiye ndugu. Nikaambiwa ni wazo zuri, liletwe awamu ya pili. Mkataba wangu uliongezwa.

Nilikwenda Buguruni Jumapili moja asubuhi. Kitanda cha bibi kilikuwa kimechukua nusu ya chumba; mabinti wawili usiku walikuwa wakilala chini, na sasa magodoro yao yamesimamishwa ukutani. Mama wa mitumba alikuwa na beseni la maji ya moto na kitambaa cha kanga kuukuu kiunoni, amejifunga kuukaza mgongo.

"Umefika wakati mzuri, kaka," alisema. "Mgongo umeniacha wiki hii. Shika mabega, nimgeuze."

Nilishika. Bibi alikuwa mwepesi, lakini mwili usiojisaidia una uzito wake, na nilimshika vibaya mpaka akaguna.

"Mwache," alisema bibi. "Mwanamume hanioni hivi. Geuka huko."

"Bibi, siwezi peke yangu leo," alisema mama wa mitumba.

"Tutaweza. Mwambie ageuke."

Niligeuka. Nikasimama uso ukutani, kwenye kalenda ya kanisa na misumari ya nguo, nikiwasikiliza nyuma yangu: pumzi, maji, kitanda kikilia, na yule mama akihesabu moja, mbili, kisha akianza tena kuhesabu.