Kiti cha Pikapu Jeupe

Mume wangu hamwamini mtu. Ukimpa chai, atauliza nani kachemsha maji. Ni fundi wa kushona masofa na viti vya magari, na mtaani wanamwita Mpelelezi. Mwanzoni jina hilo lilinichekesha.

Tulikuwa tunatafuta pikapu. Daktari amenikataza kusukuma mkokoteni wa masofa, mgongo umegoma, lakini bila mimi mkokoteni haupandi kilima. Kwa hiyo kila Jumamosi tulizunguka yadi kutazama magari ya zamani ya Kijapani, na kila Jumamosi nilirudi kwa miguu nimenuna. Yeye hutembea na sumaku aliyoifunga kitambaa. Akiipitisha kwenye bodi isinate, anajua chini ya rangi kuna puti ya kuzibia mabonde, si bati. Boneti huigusa hata kabla ya salamu. Akiikuta ina joto, dalali amekwisha. "Mmeliwasha mapema ili tusisikie linavyokohoa, siyo?"

Jumamosi iliyopita tukakuta pikapu jeupe. Boneti ya baridi. Sumaku ikanata kila mahali. Moyo wangu ukaanza kulipakia masofa.

"Hili halijaguswa, fundi," dalali akasema. "Limeshuka melini hivi hivi. Hata viti ni vya huko huko."

Juu ya kioo palikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kijapani. Mume wangu akaikodolea macho weee. "Na hii pengine imeandikwa tusinunue."

"Baba watoto, ingia ukae," nikamwambia. "Utaikagua mpaka hewa ya matairi?"

Akaingia, akakaa. Mkono wake ukapita chini ya ukingo wa kiti, ukarudi, ukasimama. Nikajua leo ameridhika, nikamgeukia dalali nimwambie tunalichukua.

"Acha," mume wangu akasema. "Kiti hiki nimekishona mimi. Hili fundo ni langu."

Nikamwangalia. Viti huletwa kwake vikiwa peke yake, gari lenyewe halioni.

"Kilikuwa na tope mpaka kwenye springi," akaendelea, sauti chini. "Gari hili limezama kwenye mafuriko. Nikabadilisha sponji, nikafua kitambaa, nikakirudishia."

Nilidhani dalali ataona aibu. Wapi! Akacheka. "Kumbe ni wewe, fundi? Basi mimi nimeuziwa hivyo hivyo. Aliyejua ni wewe. Ulimwambia nani?"

Mume wangu, mtu wa maswali, akafungua mlango akashuka.

Njiani nikamuuliza, "Viti vya namna hiyo vimepita vingapi mikononi mwako?"

"Mama watoto, kazi ni kazi. Kama si mimi, angeshona mwingine."

Hasira ilinipanda. Miaka yote hii amewashuku watu mbele yangu, nami nikiamini ana jicho la kuwaona waongo. Kumbe alikuwa anawatazama kwa kipimo chake mwenyewe.

Kesho yake tukasukuma mkokoteni kama kawaida, mgongo ukiniuma. Niliporudi nikajitupa kwenye sofa letu, lile alilonishonea tulipooana, akiniapia kila kitu ndani ni kipya. Nimelikalia miaka yote hiyo bila wasiwasi. Nikajikuta naingiza vidole chini ya ukingo, naupapasa mshono.