Shilingi Ishirini za Ulimi

Mume wangu Kahiga alikuwa karani wa mahakama, Nakuru. Kwa kuwa alijua Kiingereza na Kikuyu, waliongeza shilingi ishirini kwenye mshahara wake awe mkalimani wa kesi pia. Tulifurahi, wajinga sisi!

Mwaka wa hamsini na nne akaletwa Ndung'u kwa kesi ya Mau Mau, mtu aliyetahiriwa siku moja na Kahiga. Jaji alisoma hukumu kwa Kiingereza, macho kwenye karatasi. Kahiga ndiye aliyemtazama Ndung'u usoni akamwambia, "Utanyongwa."

Mama yake Ndung'u alikuwepo. Kiingereza hakijui, sauti aliyoelewa ni ya Kahiga peke yake. Tangu hapo, akiniona sokoni nimebeba nyama, huniita mbele ya watu: "Wanjugu, leo mumeo amemnyonga nani?"