Nyuma ya Baba Mkwe

Pikipiki ya baba mkwe wangu haikuundwa kwa barabara zetu. Aliachiwa na Mzungu mwenye shamba la chai kule Kericho, ambaye mzee alimfanyia kazi ya umekanika, Mzungu huyo alipokuwa akirudi kwao. Ilikuwa na silinda mbili, tangi refu linalong'aa, na usukani wa chini uliomlazimu mwendeshaji kuinama. Kwenye lami, alisema, ilifika maili mia kwa saa. Kwetu, karibu na Kebirigo, lami haikuwako.

Alasiri hiyo mwanangu mchanga alikuwa akikataa kunyonya na akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Mume wangu alikuwa kazini Nairobi, na mabasi yalikuwa yamekwama kwenye tope la mvua. Pikipiki tu ndiyo ingetufikisha hospitali ya Kisii. Lakini kiti chake kilikuwa kifupi, hakina pa kushika. Abiria hana budi kumshika anayeendesha. Na kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata kupishana naye mlangoni ni aibu.

Tulisimama uani, kila mmoja akitazama chini. Mama mkwe akanifunga mtoto mgongoni, akamfunika kwa turubai, kisha akaweka blanketi lililokunjwa kitini, likae kati yangu na mzee.

"Panda, mwanangu. Hiyo aibu nitaibeba mimi."

Injini ile ilitaka mbio. Tukienda polepole ilikohoa na kutaka kuzima, kwa hiyo mzee aliupanda mlima kwa kasi, gurudumu la nyuma likichepuka huku na huku.

"Inama ninapoinama!" alipiga kelele. Hakuwa amewahi kunisemesha moja kwa moja kabla ya siku hiyo.

Nilishika koti lake kwa mikono miwili. Ngurumo ya injini ilikuwa imemeza pumzi za mtoto.

"Simama, baba! Simsikii mtoto!"

"Nikisimama hapa hatutoki!"

Tulipofika juu alizima injini. Sote wawili tulitega sikio. Mvua tu. Kisha kikohozi kidogo, mgongoni.

Mzee alipiga kiki, injini ikawaka tena.

Karibu na Kisii tuliingia kwenye lami, na pikipiki ikabadilika. Mtikisiko uliisha, sauti ikawa nyororo, miti ikapita kama imevutwa kwa kamba. Niliogopa kuliko kwenye tope, lakini sikumwambia apunguze.

Hospitalini mtoto alidungwa sindano, akawekewa hewa. Mzee alibaki nje. Baadaye nesi akaja.

"Mzee aliye nje anauliza habari za mtoto."

"Mwambie ameanza kunyonya."

Dirishani nilimwona akiambiwa. Alivua kofia, akaketi chini, pale pale kwenye maji.