Zamu ya Saa Tisa

Sidi Ngumbao hakuwa mtu mbaya. Nayasema haya mapema kwa sababu mbele huko mtataka kumtukana, na mkitaka mtukaneni, lakini mjue mnamtukana nani. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni aliyeingia Mombasa na mumewe. Mume akafariki, naye akabaki na mwanawe Chengo katika chumba kimoja huko Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana. Wapangaji sita, choo kimoja. Watu wengine wangetiana vidole vya macho mwezi wa kwanza tu. Sidi alichukua karatasi, akaandika majina na siku za kuosha choo, lake likiwa la kwanza, akaibandika ukumbini. Ugomvi ukaisha. Akasifiwa nyumba nzima kwamba ana akili ya kupanga mambo, na sifa ile ikamkaa kichwani.

Mwaka wa 1994, haya yalipofumuka, alikuwa ametimiza miaka saba katika godauni moja la chai upande wa bandarini. Alikuwa mkuu wa meza ya kufungia pakiti. Walio chini yake walikuwa wanawake kumi na mmoja, vibarua wote, na kila asubuhi walisimama getini kungoja kuitwa majina. Aliyewaita ni nyapara wao, Dishon, mtu mpole wa sauti, shati jeupe, viatu vinang'aa. Jina lako likisomwa, unaingia. Lisiposomwa, unageuka na kurudi kwa watoto mikono mitupu, na hakuna wa kumuuliza kulikoni.

Sasa, kila siku saa tisa alasiri meza ilitakiwa kupeleka kopo moja la sampuli ya chai kwenye chumba cha juu alimokaa Dishon. Kopo moja, mtu mmoja. Chumba kile kilikuwa na mlango wa chuma na ufunguo ulikaa upande wa ndani. Aliyepanda hakukawia zaidi ya robo saa. Alishuka kimya, leso ameifunga upya, akaenda kwenye mfereji kunawa, akanawa, akanawa. Wenzake waliinamisha vichwa wakajifanya wanabandika gundi. Walijua. Wote walijua, hata bawabu alijua.

Mwanzoni, miaka mitatu nyuma, Dishon alimtaka mmoja tu, Jacinta, msichana mcheshi wa Kisauni. Akamwita wiki nzima, mwezi mzima, hadi siku Jacinta aliposhuka ngazi, akavua aproni, akaiweka mezani na kutoka bila kumuaga mtu. Kesho yake Dishon akasimama juu ya ngazi, akasema kwa upole, "Mama Chengo, nitumie mtu."

Hakutaja jina. Ebo! Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Wanawake wakaanza kusukumana. Huyu anasema ana mume, yule ana mimba, mwengine analia tu. Na Sidi, badala ya kumwambia yule mtu hapana, akafanya lile alilolizoea. Akakata kipande cha boksi la chai, akaandika majina kumi na moja na siku zao. Zamu. Isimwangukie mmoja. Kila mtu ana siku zake mbili kwa mwezi, ajikaze kisabuni, yaishe. Wallahi aliona ametenda haki! Na wale wanawake, nisifiche, walimshukuru.

Miaka mitatu boksi lile likawa linageuzwa na kuandikwa upya. Waliotoka walifutwa, walioingia waliandikwa chini. Ndipo akaja Mwende.

Mwende alikuwa na miaka kumi na tisa, Mkamba, akikaa kwa shangazi yake Ganjoni. Siku ya kwanza alimwamkia Sidi "shikamoo mama" kwa kuinama kidogo, na tangu hapo hakukaa chakulani mbali naye. Sidi alimpenda. Alikuwa hana binti, basi akajikuta anamwekea kiazi karai cha mwisho. Lakini kupenda ni kupenda na zamu ni zamu, akamwandika Alhamisi.

Jumatano, saa ya chakula, akamvuta pembeni. "Mwanangu, kesho wewe ndiye utakayepeleka kopo juu."

"Sawa, mama."

"Usiketi. Weka kopo, ungoje akuruhusu. Akikushika usipige kelele, maana ukipiga, kesho geti hulioni."

Mwende aliacha kutafuna. "Akinishika?"

Sidi akamtolea lile boksi, kusudi msichana aone kwamba hakuonewa yeye peke yake. Ona, alitaka kumwambia, tuko wengi. Mwende alisoma jina moja moja, kidole kikishuka polepole. Alipofika chini akarudi juu, akasoma tena.

"Mama, lako mbona silioni?"

"Mimi ni mkuu wa meza," Sidi akasema.

Ndivyo alivyojibu. Msichana hakubisha, alimrudishia boksi kwa mikono miwili, kwa adabu ile ile, na adabu ile ndiyo iliyomuua Sidi. Alasiri nzima alifunga pakiti na hakuona alichofunga. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Miaka mitatu anawagawa watoto wa wenziwe, na jina lake hakulisahau, la, hakulisahau hata siku moja. Aliliacha nje kwa makusudi.

Alhamisi asubuhi alifanya jambo la kijinga: alimfuta Mwende akaandika Mapenzi, mama wa watoto wanne. Mapenzi alipoona, alipiga meza kwa kiganja. "Kwani mimi nimekosa nini? Juzi nilipanda! Mkamba wako ana damu na mimi nina maji?" Na Sidi akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba kila jina atakalolifuta lazima aandike jingine.

Saa tisa ilipofika alichukua kalamu, akamfuta Mapenzi, akaandika: Sidi. Akabeba kopo, akapanda.

Dishon alikuwa ameshasimama kando ya mlango, tayari kuufunga. Alipomwona akacheka, kicheko kidogo, bila kelele. "Mama Chengo! Nimeitisha sampuli, sikuitisha mama mkwe."

"Kuanzia leo ni mimi nitakayeleta," Sidi akasema. Alisimama kizingitini, mgongo umeugusa mlango usifungike.

Dishon hakukasirika. Heri angekasirika. Alilichukua kopo, akaliweka mezani taratibu, akamtazama kama mtu anayemhurumia. "Kesho Mwende," akasema. "Kesho kutwa Mwende. Halafu utaniandikia wengine. Unajua, kabla yako nilikuwa napata taabu kweli. Yule Jacinta karibu aniletee ndugu zake. Wewe ndiye uliyetuliza mambo. Miaka mitatu sijasikia hata mtu mmoja akinung'unika. Nenda kazini, mama. Sisi wawili tumefanya kazi vizuri."

Sidi alishuka huku ameshika ukuta. Hakwenda mezani. Alichukua lile boksi, akavuka ua hadi ofisi ya mbele, akasukuma mlango wa meneja, ambaye kwa miaka saba alikuwa hajapata kuzungumza naye. Akaliweka boksi juu ya makaratasi yake. Akaeleza kila kitu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, lakini alieleza.

Meneja aliligeuza boksi huku na huku. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Kwa hivyo wewe ndiye uliyekuwa ukiwatuma."

Hapo angeweza kusema alilazimishwa. Wangapi wangesema hivyo! "Ndio, ni mimi niliyewatuma," akasema. "Na yeye ndiye aliyefunga mlango. Yaandike yote mawili, bwana."

Meneja hakuandika hata moja. Alilitia boksi kwenye droo, akaifunga. Kesho yake asubuhi getini alisimama nyapara mwengine na orodha mkononi. Akaita jina la Mapenzi, la Mwende, yote, isipokuwa la Sidi. Mwende akasita, akageuka kumtazama, macho yamejaa maji. Sidi akamfanyia ishara ya mkono: ingia, ingia. Unga wake ulikuwa umemwagika, na kusema kweli, usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu. Alidhani mambo yamekwisha.

Alikuwa na mwezi mmoja Marikiti, akiuza ndimu na pilipili, Mwende alipomjia mbio, aproni bado iko mwilini.

"Mama, Dishon hawakumfukuza. Wamempeleka godauni lao la kahawa, kule Makupa. Amepewa meza mpya. Wote wasichana wadogo, hakuna anayemjua."

Sidi aliirudisha kapuni ndimu aliyokuwa akimuuzia mteja, akamuuliza Mwende geti lenyewe liko wapi.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza sawasawa, alikuwa Makupa, mbele ya geti la bati, malori yakimpita mgongoni. Wasichana kama kumi na wanne walikuwa wameegemea ukuta wakisubiri. Akawaamkia. Akawaambia yeye ni nani na nyapara wao ni nani. Wengine walimcheka, wakadhani ni mgonjwa wa akili. Lakini msichana mmoja mwembamba, Nyevu, hakucheka.

"Alianza wiki jana," Nyevu akasema kwa sauti ya chini. "Anaitisha mtu wa kumpelekea daftari. Jana nilikwenda mimi." Akawatazama wenzake. "Lakini tumeshazungumza, mama. Tutapokezana. Leo huyu, kesho yule, isimwangukie mtu mmoja."

Sidi akamshika Nyevu kifundo cha mkono, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Msipokezane," akasema. "Nakuomba, mwanangu. Mimi niliwapanga watoto wa watu siku kwa siku, miaka mitatu, na jina langu nikaliacha nje. Yeye hakuhitaji kuchagua, nilimchagulia mimi. Mkimpangia zamu mmeshampa ruhusa. Akiita mmoja, asiende mtu. Hata leo, hapa hapa getini. Hata geti lifungwe."

"Na tukikosa kazi?"

"Mimi nimeikosa," Sidi akasema. "Sitawadanganya, inauma."

Hakuna aliyecheka sasa. Geti likasukumwa, Dishon akatoka na orodha yake, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alimwona Sidi, akatabasamu, akamkunjulia mkono wa salamu kama jamaa wa siku nyingi. Sidi hakuupokea. Basi akakunjua karatasi na kuwageukia wasichana.

"Nyevu," akaita.

Wasichana walikuwa wamesogeleana, bega kwa bega, na Nyevu yumo katikati. Hakuitika.

Dishon akainua macho kutoka kwenye karatasi. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Akaita jina la pili.