Mkwe Aliyekataa Kuingia Bafuni

Mkwe wangu alikataa kujificha bafuni pamoja na mimi. Upepo umeshafika barabarani, yeye analeta heshima!

Nilikuwa kwa binti yangu, nimekwenda kumsaidia kulea mtoto mchanga. Mchana ule sikutulia. Naketi, nainuka. Nachungulia dirishani, narudi. Anga lilikuwa limegeuka rangi ya jani bovu, na mtoto alikataa ziwa.

Mara jirani akapiga kelele: "Kimbunga! Ingieni ndani!"

Nikatazama. Kule mwisho wa mtaa wingu lilikuwa limeshuka mpaka chini kama mkonga wa tembo, linazunguka, linameza mabati.

"Chini ya kitanda, mama!" binti akalia.

"Hapana, chumbani kuna dirisha kubwa," akasema mumewe. Ni seremala, sote tunamwita Fundi. "Bafuni. Ndiyo katikati ya nyumba, na hakuna dirisha."

Akatufungulia, akatusukumia godoro. Tukajikunyata sakafuni, mtoto katikati yetu, godoro juu.

"Fundi, ingia!"

"Mimi na mama mkwe bafu moja? Hapana jamani. Nakaa hapa koridoni."

"We baba, una wazimu? Nimevaa nguo zangu zote! Ingia!"

"Naona aibu, mama." Akafunga mlango.

Nilimsema vibaya, nyie. Nilimwita mjinga mbele ya mkewe.

Kisha masikio yakaziba. Nyumba ikanguruma. Mlango ukatetemeka, ukagonga, ukagonga tena, lakini haukufunguka. Binti alikuwa analia, anamwita mumewe.

Kimya kilipokuja nikasukuma mlango. Mzito. Nikasukuma tena, ukaachia kidogo.

Korido haikuwa na paa. Fundi alikuwa ameketi chini, mgongo ameukandamiza mlangoni, miguu ameikita ukuta wa mbele. Bega limevunjika. Mkononi ameshika komeo.

"Liling'oka nilipowafungulia," akanong'ona. "Na mlango wenyewe unafungukia nje. Ningewaambia, mngebishana na mimi."

Kumbe aibu yote ile ilikuwa uongo!

Wanangu, chagueni leo chumba chenu cha katikati kisicho na dirisha, mkague na komeo lake, anga likiwa bado jeupe. Na mtu akikataa jambo, msiwe wepesi kumwita mjinga. Huenda amekubeba mgongoni na wewe hujui.

Hospitalini nilimlisha supu kwa kijiko, mdomoni, wagonjwa wote wanatazama.

Hapo ndipo alipoona aibu ya kweli.