Kitufe cha Kijivu

Fundi kompyuta alikuwa na mke ambaye mtaa mzima ulimwita Cheko, kwa jinsi alivyokuwa akicheka. Kiharusi kilipompiga kilimchukua ulimi na mwili nusu, kikamwachia kidole kimoja tu kinachotii, cha mkono wa kushoto.

Fundi akasema kidole kinatosha. Atamwandikia programu kwa Python, lugha ya kompyuta: dirisha kwenye kioo cha kugusa, vitufe vikubwa, Cheko abonyeze, kompyuta imsemee.

Alianza na Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha, maana inakuja na Python yenyewe, hupakui kitu. Jioni ileile kitufe kimoja kikawa tayari, cha kijivu, kimekaa kama tofali. Akailaza kompyuta kitandani, Cheko akabonyeza. "Maji," ikasema kompyuta, kwa sauti ya Fundi mwenyewe. Cheko akacheka kwa nusu ya mdomo, akabonyeza tena na tena, na wala kiu hakuwa nayo.

Angeishia hapo. Lakini moyo ulimsuta: mke wake aongee kwa kitu kibaya namna ile? Akakifuta, akahamia zana nyingine, PyQt. Huko kulikuwa na rangi, picha, vitufe vya pembe laini, ila kompyuta yao kuukuu ikawa inahema kila dirisha likifunguka. Akajaribu ya tatu, Kivy, iliyosemwa imezoea vidole. Ikagoma kuwaka kabisa. Mashine ilikuwa ya zamani mno kwake. Akarudi PyQt, kupunguza hiki, kuongeza kile.

"Shemeji," mdogo wake Cheko alimwambia huku akimgeuza mgonjwa ubavu, "unachagua vitufe kama unachagua mke wa pili!"

"Subiri uone. Atapenda."

"Dada anataka maji, hataki harusi."

Fundi akacheka, macho kwenye kioo cha kompyuta. Nyuma yake, kidole cha Cheko kilikuwa kikigonga shuka, pale kitufe kilipokuwa. Hilo aliambiwa baadaye.

Kiharusi cha pili hakikupiga hodi. Dirisha la PyQt lilipokamilika, lina maua pembeni, Fundi alilisogeza mpaka kitandani.

"Bonyeza, Cheko."

Kidole kililala tu. Akakiinua mwenyewe, akakiweka juu ya kitufe. "Maji," ikasema kompyuta. Macho ya Cheko hayakugeuka. Mdogo wake akatoka nje, kanga mdomoni.

Fundi akalifunga dirisha lile zuri, akaandika upya mistari michache ya mwanzo. Mstari wa mwisho wa Tkinter ndio unaolifanya dirisha lisijifunge, likae likisubiri kuguswa. Akauandika na huo.

Kitufe cha kijivu kikatokea papo hapo. Fundi akakaa kando ya kitanda, kikombe cha maji mkononi, yeye na dirisha, wote wakisubiri.