Fahali wa Babu Kwenye Spika

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba kwetu kuna muziki. Nakumbuka siku moja nikiwa chuo kikuu, mwenzangu wa bweni aliniuliza watu wa uwanda wa Hanang huimba nini. Nikamjibu kwamba kwetu huimba ng'ombe, na watu hunyamaza ili ng'ombe wasikike. Alicheka sana, nami nikaona nimeshakuwa mtu wa mjini. Jibu hilo nililitumia tena na tena, kama mtu mwenye gauni moja la kutokea.

Nilipofikia umri wa kuvaa miwani ya kusomea, nilijiwekea zoezi. Kila Jumamosi ningesikiliza albamu moja inayosifiwa duniani, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka. Nilidhani najua kusikiliza. Kumbe nilijua kuwasha redio tu. Albamu ya kwanza ilikuwa ya mpiga tarumbeta wa Marekani, na kabla haijaisha sufuria yangu ya chai ilikuwa imeungua jikoni. Nyingine ilikuwa ya vijana wa Uingereza wenye magitaa. Niliirudia kwa hasira, maana sikuona inasifiwa kwa lipi, nikaja kujikuta nafagia kwa mdundo wake. Ya Wakongo ilinishangaza zaidi. Magitaa yale niliyasikia utotoni yakitoka kwenye baa za Katesh siku ya mnada, nikayapita na debe langu la mahindi kichwani. Sasa wajuzi wananiambia ni hazina ya dunia. Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na Firauni wangu alikuwa bado njiani.

Alikuja Jumamosi moja asubuhi. Ilikuwa albamu ya nyimbo za Wadatoga, watu wangu mwenyewe. Wageni walipita uwandani na mashine yao kabla sijazaliwa, wakarekodi, wakaondoka, na waimbaji hawakutajwa majina. Katikati ya albamu msichana mmoja alianza kuimba peke yake. Alimsifu fahali mwenye pembe pana, akamtaja na mwenye fahali kwa jina. Mwenye fahali alikuwa babu yangu, baba yake baba.

Wimbo ulipoisha, ng'ombe akalia karibu na mashine, na yule msichana akamkemea: "Nyamaza wewe, hujaalikwa."

Mwanangu, nilishika meza. Maneno hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya puani, mama yangu huwaambia ng'ombe, mbwa na wajukuu mpaka leo. Na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akiimba hata mstari mmoja.

Mtu mwenye akili angempigia simu. Mimi nina shahada mbili, kwa hiyo nilinunua spika.

Nilifika nyumbani, upande wa Nangwa, nikakuta boma limejaa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameoa msichana kutoka kijiji cha Daudi, kwa wakulima wa milimani, na siku hiyo bibi harusi alikuwa akifundishwa. Kwetu mwanamke akishaolewa hatamki tena jina la baba mkwe wake, wala la wazee wa kiume wa ukoo ule, wawe hai au wawe wamekufa. Hata maneno yanayofanana na majina hayo huyatafutia njia ya kuzunguka. Msichana wa watu alikuwa akikunja vidole kukumbuka asiyotakiwa kusema. Majina aliyataja shangazi, dada yake baba, kwa kuwa yeye ni mtu wa damu. Mama, aliyeolewa, alikuwa akitikisa kichwa tu kuthibitisha. Yeye ndiye aliyekuwa mfano: tangu aingie boma lile hajawahi kuteleza.

Mimi pia ni mtu wa damu. Jina la babu nimelitaja tangu nilipoanza kusema, na aliye nje ya uzio husahau kwamba uzio upo. Niliwaamkia wazee shikamoo zote walizostahili, nikaweka spika juu ya kigoda, nikatangaza kwamba nimewaletea zawadi. Nikabonyeza.

Sauti ya mama, changa na kali, ikajaza boma. Niliona uso wake ukifunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa na rafiki wa zamani. Kisha jina likatoka. Likatoka tena, maana ndilo kiitikio. Mzee aliyekuwa ameinua kibuyu cha pombe ya asali alikiacha hewani. Mimi nilikuwa nikitafuta kitufe cha kuzima bila kukiona. Mama alijifunika shuka kichwani, akainuka, akaingia ndani.

Bibi harusi aliuliza taratibu, vidole vyake bado vimekunjwa, "Kwa hiyo inaruhusiwa?"



Shangazi alinivuta hadi kwenye uzio wa miiba. Nilitegemea kofi, ningelifurahia kuliko maneno yake.

"Umesikiliza dunia nzima," aliniambia. "Mama yako umemuuliza nini?"

Akatazama nyuma kama kuna anayetusikia, kisha akaendelea.

"Alikuwa msichana wa boma la jirani. Alimsifu baba yetu ili kaka yetu asikie. Kaka akasikia, akamuoa. Siku alipoingia hapa, wimbo aliuacha langoni, kwa sababu hauimbiki bila lile jina. Sisi wote tulijua. Ni wewe tu, msomi, uliyedhani hajui kuimba."

Nilipeleka asali kwa wazee kuomba radhi, kama desturi inavyotaka. Wakatengeneza pombe, wakanywa, wakasema jambo limekwisha. Lakini mama hanywi. Aliniaga bila kuniangalia, na niliporudi mjini simu yake ikawa inaita tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiusubiri mshindo. Jumamosi zilipita bila albamu. Niliogopa kwamba nimemvunjia mama heshima aliyoijenga tangu ujana wake, tena kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwanangu, yaliyonipata yakufae. Ukimwona mtu mzima amenyamaza, usiseme hana la kusema. Huenda ananyamaza kwa kupenda, huenda ananyamaza kwa ahadi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kununua spika kabla ya kuuliza. Sifa za wajuzi zisikufundishe kuwapenda wa kwenu. Wapende kwanza, wajuzi watakukuta njiani. Na sauti ya mtu ni mali yake, hata kama ni mama yako, hata kama unaileta kwa nia njema.

Haya nayasema kwa moyo mweupe sasa kwa sababu ya simu iliyoingia nikiwa naanika nguo.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Uko na watu?"

"Niko peke yangu."

"Uweke ule wimbo."

Niliuwasha, nikaisogeza spika karibu na simu. Msichana akaanza, na baada ya mstari mmoja nikasikia sauti ya pili ikimfuata, nzito, yenye mikwaruzo, ikijua kila kona. Ziliimba pamoja mpaka ukingoni mwa lile jina. Hapo mama akanyamaza. Msichana akalitaja peke yake. Kisha mama akaingia tena, mahali pake barabara, na akafanya hivyo kila kiitikio kiliporudi.

Ng'ombe akalia. Msichana akamkemea. Mama akacheka.

"Ng'ombe yule alikuwa mkaidi kama wewe," akasema. Kisha akanibariki: "Mifugo yako inywe maji matulivu, na masikio yako yazeeke baada ya miguu."

Sina hata mbuzi. Lakini niliitika, na baraka hiyo, mwanangu, nakugawia nusu.